Tupeni Jumapili: barua ya wazi kutoka Moshi

Kwa wenye haki za kurusha mechi za ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Kwa kampuni za ving'amuzi zinazofanya biashara Tanzania. Kwa wakurugenzi wa redio za Kilimanjaro na Arusha. Na kwa viongozi wa besiboli na sofuboli nchini.

Ndugu viongozi,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja hapa mjini, naishi Pasua, na tangu 2017 ni mshabiki wa Pittsburgh Pirates. Nawaandikia kwa sababu katika miaka yote hiyo sijawahi kuiona timu yangu ikicheza mubashara, mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimekaa na watu. Nimeiona vipande vipande, usiku wa manane, peke yangu, kwa simu. Naamini jambo hili linarekebishika na gharama yake si ya kutisha, ndiyo maana nimeona niseme hadharani.

Pitieni soko la Memorial siku yoyote. Kapelo zimepangwa juu ya turubai, zimetoka kwenye marobota ya mitumba: NY, LA, B nyekundu ya Boston, STL, na mara mojamoja P ya njano ya kwetu Pittsburgh. Vijana wa bodaboda wa Moshi na Arusha wanazivaa mvua na jua. Ukimuuliza mmoja NY ni nini atakuambia ni New York, mji. Hajakosea, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba herufi hizo ni za timu, na kwamba timu hiyo inacheza mechi 162 kila msimu. Nembo za timu hizi zimetembea na sisi miaka mingi. Mchezo wenyewe hatujaonyeshwa.

Niwaeleze usiku ulionifanya niwe wa Pirates. Ilikuwa Aprili 26, 2017, Sikukuu ya Muungano. Jioni rafiki yangu Mjapani, aliyewahi kujitolea kufundisha watoto wetu kurusha na kudaka, alinitumia ujumbe kwamba Pittsburgh wamemwita Gift Ngoepe kwenye kikosi cha kwanza. Ngoepe ni kijana wa Randburg, Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli, na familia iliishi mlemle kwenye jengo la klabu, kwa hiyo mtoto alikua akiwa na uwanja mlangoni. Akiingia usiku ule angekuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi hiyo, ligi ambayo timu zake kongwe zina umri wa zaidi ya miaka 100.

Nilikaa na simu hadi saa nane usiku nikitafuta pa kuangalia. Linki ya kwanza ilinipeleka kwenye kamari. Ya pili ilinipeleka kwenye picha ambazo mwalimu hapaswi kukutwa nazo. Ya tatu ilizunguka, ikazunguka, mpaka bando likaisha. Nikalala. Nilipokuwa usingizini Ngoepe aliingia, akasimama mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs, na mara yake ya kwanza kabisa kushika rungu aliupiga mpira akafika salama beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Asubuhi nilipata kipande cha sekunde chache. Wanafunzi wangu walikitazama kwa zamu kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, mmoja akiipokea kwa mwenzake kama anapokea yai.

Mwafrika wa kwanza, na Afrika huku tulikuwa tumelala. Jambo hilo bado linaniuma.

Tangu hapo nimejifunza njia zote halali, na nataka nizitaje ili msidhani nawalaumu kwa kutojua. Ligi ina huduma yake ya kuonyesha mechi kwa intaneti, MLB.TV. Teknolojia si ngeni: mechi ya kwanza ya ligi hiyo kurushwa mubashara kwa intaneti ilikuwa ya New York Yankees na Texas Rangers, Agosti 26, 2002. Tarehe hiyohiyo ya Agosti 26, mwaka 1939, ndiyo mechi ya kwanza ya ligi hiyo iliporushwa kwa televisheni, kutoka uwanja wa Ebbets Field kule Brooklyn. Na kabla ya hapo, Agosti 5, 1921, redio KDKA ilitangaza mechi ya ligi kuu kwa mara ya kwanza. Waliokuwa wanacheza ni Pirates wangu dhidi ya Philadelphia Phillies. Kwa hiyo timu ninayoipenda ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufikishwa kwa watu wasiokuwepo uwanjani, na mimi, miaka zaidi ya 100 baadaye, bado nahesabiwa katika hao wasiokuwepo.

Najua pia kwamba Marekani kwenyewe mashabiki wana kilio chao. Haki za mechi ziligawanywa kwa maeneo, na ukikaa eneo la timu fulani huduma ya intaneti hukufungia mechi za timu hiyo ili ulipie chaneli ya mkoa wako. Mtu wa jimbo la Iowa kwa miaka mingi amefungiwa timu sita kwa mpigo, ingawa jimbo lake halina timu hata moja kwenye ligi. Los Angeles, kuanzia 2014 hadi 2020, nyumba nyingi za mji huo hazikuweza kuwaona Dodgers wao kwa sababu wenye chaneli na wasambazaji walishindwa kuelewana bei. Sisi tulio nje ya Marekani na Kanada, kwa kawaida katazo hilo halitugusi. Kisheria mtu wa Pasua mwenye akaunti anaweza kutazama mechi ya Pirates ambayo mtu wa Pittsburgh amefungiwa. Mlango tumeachiwa wazi, ila hatuna ngazi za kuufikia.

Ngazi ya kwanza ni malipo. Huduma inauzwa kwa mwezi au kwa msimu, kwa dola, kwa kadi ya benki inayokubali mtandaoni. Huku tunanunua kwa kupima: mafuta ya kula ya kijiko, sabuni ya kipande, bando la saa 24. Wazazi wa wanafunzi wangu wana pesa kwenye simu, na wanazitumia kulipia umeme, ada na king'amuzi. Wenye haki, wekeni mechi moja kwa bei ya mechi moja, ilipwe kwa simu, muone kama hatutalipa.

Ya pili ni bando. Mechi ya saa tatu kasoro, hata kwa picha ya ubora wa kati, inakaribia GB 2. Hilo linatosha kueleza kwa nini mshabiki wa huku anaijua timu yake kwa namba zinazojiandika kwenye simu kuliko kwa sura za wachezaji. Oktoba 2018, fainali ya Dodgers na Boston Red Sox, mechi ya tatu, ilikwenda awamu 18 badala ya tisa za kawaida na ikachukua saa 7 na dakika 20. Kwetu ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na ikaisha saa nne na nusu asubuhi. Niliifuata hivyo: nikiwa kitandani, kisha kwenye daladala, kisha shambani Kibosho nikipalilia migomba na simu mfukoni, nikiitoa kila baada ya mistari miwili kusoma nani ametoka na nani amefika beisi ya pili. Nilifurahi siku ile, siwezi kusema sikufurahi. Lakini mpira sikuuona hata mara moja.

Kuhusu vifurushi vya ving'amuzi nitasema kwa kifupi. Msimu mmoja nililipia kifurushi cha juu kwa ajili ya fainali, nikatenga hela hiyo tangu Agosti. Usiku wenyewe chaneli iliyotangazwa ilionyesha marudio ya mchezo mwingine. Nilipopiga simu niliambiwa ratiba inaweza kubadilika bila taarifa. Jina la kampuni nalihifadhi, kwani sikuja kulipiza.

Sasa nifike kwenye ombi lenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, maana nimelipigia hesabu kwa saa.

Wakati wa msimu Pittsburgh iko nyuma yetu kwa saa 7. Mechi za katikati ya wiki huanza saa kumi na mbili na dakika 40 jioni kwao, ambayo ni saa saba na dakika 40 usiku kwetu. Timu ikisafiri kwenda pwani ya magharibi, mpira wa kwanza unarushwa wakati muadhini anajiandaa kuadhini alfajiri. Hatuwezi kumwomba mtu mwenye kazi, wala mtoto wa shule, akeshe hivyo. Lakini Jumapili wanacheza mchana. Mechi ya nyumbani ya Pirates siku ya Jumapili kwa kawaida huanza saa saba na dakika 35 mchana kwao, na Moshi hiyo ni saa mbili na dakika 35 usiku. Tena tangu 2023 ligi imeweka saa inayomhesabia mrushaji sekunde, na wastani wa mechi umeshuka kutoka saa 3 na zaidi hadi kama saa 2 na dakika 40. Kwa hiyo saa tano na robo usiku watu wako njiani kurudi majumbani.

Tazameni mnachokiacha hapo. Jumapili mechi ya mwisho ya Ligi Kuu ya Uingereza, wakati saa zao ziko za kiangazi, huanza saa kumi na mbili na nusu jioni kwetu, ikaisha kama saa mbili na dakika 25. Watu wamo ndani ya banda umiza tayari, benchi zimejaa, luku imewekwa, soda zimo kwenye friji. Zimebaki dakika 10. Mwenye banda anazima anafunga kwa sababu hana cha kuonyesha. Na ukiingia Juni na Julai, katika mwaka usio na mashindano makubwa, ligi kubwa za Ulaya zimesimama kabisa na mabanda yanakaa matupu wiki kwa wiki. Miezi hiyo ndiyo katikati ya msimu wa besiboli.

Mangi mwenye banda la karibu na kwangu ananiambia Julai ndiyo mwezi wake wa kukopa. Mwaka uliopita nilimwomba aniachie televisheni Jumapili moja, nikaunganisha simu kwa waya na kuonyesha muhtasari wa mechi, ule wa dakika 10 hivi ambao ligi yenyewe inautoa bure. Hakuna aliyetozwa kiingilio. Nilitegemea wanafunzi wangu saba, wakaja watu zaidi ya ishirini. Wasichana ndio walioelewa kwanza. Mtoto aliyecheza rede anajua maana ya kumrushia mtu mpira kwa nguvu na kwa hila, na anajua maana ya kukimbia wakati mpira uko mbali na kusimama wakati umekaribia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza dakika nyingi; nilieleza chache tu, waliobaki wakaelezana wenyewe.

Nyuma alikuwa amesimama dereva wa bodaboda, mtu mzima, amevaa kapelo ya NY iliyofifia. Yankees walipotokea kwenye kioo akaivua, akaitazama, akaiangalia televisheni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kumbe hawa ndio wenye hii?" Nikamwambia ndio. Akaivaa tena, akasogea mbele, akakaa chini. Muhtasari ulipoisha aliuliza watacheza tena lini ili aje. Nikamwambia watacheza kesho yake, na keshokutwa, na siku inayofuata, karibu kila siku mpaka mwisho wa Septemba. Akauliza hapa kwa Mangi tutawaona siku gani.

Sikuwa na jibu, na nyie ndio mnalo.

Ombi langu ni hili: mechi moja ya Jumapili, ile inayoanza kati ya saa mbili na saa tatu usiku kwa saa zetu, iwekwe kwenye kifurushi cha bei ya chini, na mabanda yapewe leseni nafuu ya kuionyesha hadharani ili Mangi asifanye kazi kwa woga. Isiwe lazima ya Pirates. Najua timu yangu haijachukua ubingwa tangu 1979 na haiwezi kuuza matangazo kama Dodgers. Wekeni yoyote, mradi ratiba ikishatangazwa isibadilike. Nanyi wa MLB.TV, ambao mmekuwa mkitoa mechi moja ya bure ya siku, Jumapili chagueni ya mchana. Uamuzi huo ni mdogo kwenu. Kwa mabara mawili yaliyo mashariki yenu unageuza usiku wa manane kuwa jioni.

Kwa wakurugenzi wa redio nina jambo ambalo nimelifikiria zaidi kuliko yote. Redio haili bando. Hata kwa intaneti, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama MB 29 kwa saa, chini ya MB 80 kwa mechi nzima. Miaka ya 1930 Ronald Reagan, kabla hajawa mwigizaji wala rais, alikuwa mtangazaji wa redio huko Des Moines, Iowa. Alitangaza mechi za Chicago Cubs akiwa studio, mbali kabisa na uwanja, akisoma taarifa fupi za telegrafu na kuzigeuza kuwa mchezo masikioni mwa watu. Ninyi mtakuwa na picha yenyewe mbele yenu. Ombeni ruhusa kwa wenye haki, wekeni watu wawili wanaoujua mchezo, na watangaze kwa Kiswahili. Tuna watangazaji ambao mtu akiwasikiliza jikoni anaiona penalti kabla haijapigwa. Wapeni rungu na beisi muone watafanya nini.

Faida nyingine ya hilo ni lugha. Kona, penalti na golikipa yameota kwenye midomo ya watangazaji na mashabiki, hayakutoka kwenye kamusi. Mimi na wanafunzi wangu tuna daftari. Mrushaji, mpigaji na mdakaji yalikaa siku ya kwanza. Kwa kifaa cha kupigia mtu mmoja alisema gongo, tukaliacha, kwani kwetu hilo ni jina la pombe haramu na sikuona vyema kumkabidhi mtoto. Tukachukua rungu, na mwanafunzi wetu wa Kimasai kutoka Monduli akasema kwa hilo tu mchezo umeshakuwa wa kwao. Hom rani, pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka beisi zote, tumeiacha ilivyo. Mpira unaopinda njiani bado hatujaupatia jina tunalokubaliana wote. Nafikiri linasubiri mtangazaji, usiku, ulimi umemponyoka kwa furaha.

Viongozi wangu wa hapa nyumbani, nanyi shikamooni. Mlifanya jambo kubwa pale uwanja wa besiboli wa Azania, Dar es Salaam, ulipofunguliwa mwishoni mwa 2018 kwa msaada wa Japani. Lakini kutoka Moshi hadi Dar ni kilomita kama 560. Mtoto wangu akichaguliwa kwenda kucheza, mama yake hamwoni. Mnajua asili ya jina Koshien: ni uwanja wa Japani wa michuano mikubwa ya besiboli ya shule za sekondari. Japani walianza kuitangaza michuano hiyo ya sekondari kwa redio mwaka 1927, na leo shirika lao la umma huonyesha michuano hiyo mubashara, watoto wa shule wakitazamwa na nchi nzima. Sisi hatuhitaji gari la matangazo. Simu moja juu ya stendi nyuma ya mdakaji, mtu mmoja wa kutaja majina, na ukurasa ambao kila mzazi anaufungua. Majirani zetu walishatuonyesha mtoto wa Afrika Mashariki anafika wapi: Agosti 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport. Williamsport iko Pennsylvania, jimbo moja na Pittsburgh.

Nina mrushaji mmoja wa kidato cha pili. Mkono anao. Mguu wa mbele anauweka vibaya kila mara, na nimeshamwonyesha kwa maneno, kwa kuchora chini na kijiti, na kwa kumshika kifundo. Paul Skenes wa Pirates alichukua tuzo ya Cy Young ya 2025, ile ya mrushaji bora, na mguu wake unatua pahali pamoja karibu kila mpira. Kijana huyu hajawahi kumwona akirusha awamu nzima. Kipande cha sekunde 20 kinamwonyesha mpigaji akikosa. Hakimwonyeshi mrushaji akipumua, akikataa alama ya mdakaji, akirudi kukanyaga ubao wake, akianza upya. Hayo ndiyo ninayotaka ayaone, na hayo hayamo kwenye muhtasari.

Nimeshaongea na Mangi. Jumapili mechi ya Uingereza ikiisha hatazima. Ataacha televisheni ikiwaka na benchi zikiwa mahali pake mpaka saa tatu, kila wiki, tangu msimu uanze. Dereva wa bodaboda nimemwambia, naye atakuja. Majibu yenu, yawe ya ndiyo au ya hapana, nitayasoma pale mbele ya wote.

Wenu,
Mwalimu wa michezo, Pasua, Moshi